Vioo vya ukutani katika ukumbi wa ngoma: Mambo ya kuzingatia kabla ya kutoboa ukuta

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba nyani haoni kundule. Mcheza ngoma naye, hata awe stadi wa kusifika, hauoni mgongo wake. Haoni jinsi mabega yake yanavyopanda na kushuka, wala hajui kwa yakini iwapo mguu wake umetua sawia na wa mwenzake aliye naye katika safu moja. Tangu jadi jicho lake lilikuwa mwalimu aliyesimama mbele yake, pamoja na wenzake waliomkosoa ngoma ilipopoa. Siku hizi vijana wanaofungua kumbi za mazoezi mijini hulitafuta jicho hilo katika kioo.

Mjini Kakamega suala hili lina uzito wa kipekee. Kaunti hii ndiyo chimbuko la isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo huchezwa kwa kasi na bidii katika harusi, mazishi, sherehe za kuzaliwa kwa watoto, tohara na hata mapigano ya mafahali. Mnamo 2014, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotajwa ni za kusikitisha: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, fedha za kutengenezea ala na mavazi ni haba, na watazamaji wengi wamevutwa na burudani za kisasa.

Kwa hivyo, kikundi cha vijana kinapochanga shilingi zake kidogo kidogo na kukodi chumba cha kufundishia ngoma, chumba hicho ni zaidi ya mahali pa kutokea jasho. Ni hasara kubwa iwapo akiba yote itamalizikia katika vioo vinavyopinda taswira, vinavyoota madoa meusi kabla ya mwaka kuisha, au vinavyoanguka na kumkata mtoto anayecheza miguu mitupu. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kupanga na kuweka vioo hivyo ili fedha zisipotee na mtu asiumie.

Kazi ya kioo ni ipi?

Kabla ya kununua chochote, jiulize kioo kitakufaa vipi. Faida ya kwanza ni kwa mchezaji: hujiona papo hapo anapokosea na kujirekebisha bila kusubiri kuambiwa. Faida ya pili ni kwa mwalimu. Pasipo kioo, mwalimu hulazimika ama kuwageukia wanafunzi na kuwaonyesha hatua kinyume, yaani mkono wake wa kushoto kwa wa kulia wao, ama kuwapa mgongo na asiwaone kabisa. Kioo kikiwapo, yeye husimama mbele akiangalia upande ule ule wanaoangalia wanafunzi. Kulia kwake ni kulia kwao, na wakati huo huo anawaona wote nyuma yake.

Hata hivyo, kioo hakifundishi mdundo. Kinaonyesha umbo tu. Jambo hili tutalirejelea, kwa sababu katika ngoma kama isukuti ndilo linaloamua jinsi chumba kizima kitakavyopangwa.

Kuchagua ukuta

Kosa la kawaida ni kuweka vioo kwenye ukuta wowote ulio mtupu. Kuna mambo matatu ya kutazama: mwanga, milango na uimara wa ukuta wenyewe.

Tuanze na mwanga. Kakamega iko chini ya nusu ya digrii kaskazini mwa Ikweta, hivyo jua huchomoza upande wa mashariki na kutua upande wa magharibi mwaka mzima, likisogea kiasi kaskazini au kusini kulingana na msimu. Dirisha linaloangalia mashariki au magharibi huingiza miale ya moja kwa moja asubuhi au alasiri. Kioo kikiwekwa mkabala na dirisha kama hilo, mwanga hurudi na kuwapiga wachezaji machoni, na taswira zao huonekana kama vivuli vyeusi. Chumba kinachofaa zaidi ni kile chenye madirisha upande wa kaskazini na kusini, na vioo kwenye ukuta wa mashariki au wa magharibi usiokuwa na dirisha. Mwanga hapo huingia kutoka pembeni na kuuangaza mwili wote.

Taa nazo zifuate kanuni hiyo. Zipachikwe darini kati ya wachezaji na kioo, ili ziwaangaze kwa mbele. Taa zilizo nyuma yao huwageuza kuwa vivuli.

La pili ni milango. Kioo kikubwa hufanya chumba kionekane mara mbili ya ukubwa wake, na mlango ulio nyuma yako huonekana kana kwamba uko mbele. Wakati wa utulivu jambo hilo halidhuru. Wakati wa hofu, moshi au giza, mtu anaweza kuukimbilia mlango usiokuwapo. Wakazi wa Kakamega hawajasahau jioni ya Februari 3, 2020, wakati watoto zaidi ya kumi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipopoteza maisha katika mkanyagano kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani. Msiba ule haukuhusiana na vioo, lakini ulitufundisha sote kwamba njia ya kutokea haipaswi kuwa ya kubahatisha. Usiweke kioo karibu na mlango kiasi cha kumchanganya mtu, usiufunike mlango kwa kioo, na mlango wa kutokea uwe na alama inayoonekana wazi.

La tatu ni uimara wa ukuta. Matofali ya kuchomwa, mawe na bloku za saruji hubeba vioo vizuri. Ukuta wa udongo, hata uliopakwa saruji kwa juu, haufai. Kizigeu cha mbao nyembamba hakifai pia, isipokuwa kwanza kiongezewe nguzo imara zilizofungwa sakafuni na darini. Penye ukuta dhaifu, afadhali kioo kiwekwe ndani ya fremu ya mbao au chuma inayosimama yenyewe sakafuni kwa miguu mipana na kufungwa isipinduke.

Iwapo chumba ni cha kukodi, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Kubalianeni pia vioo ni vya nani mkataba utakapokwisha. Vikundi si haba vimehama vikaacha mali yao ukutani kwa kukosa karatasi moja tu iliyotiwa saini.

Vipimo: Kianzie wapi na kiishie wapi

Wengi hudhani kwamba ili mtu ajione mzima ni lazima kioo kiwe na kimo sawa na chake. Sivyo. Kioo bapa huonyesha taswira kana kwamba iko nyuma yake kwa umbali ule ule ambao mtu yuko mbele yake. Kwa sababu hiyo, nusu ya kimo chake yatosha. Mtu wa sentimita 170, ambaye macho yake yako sentimita 160 kutoka sakafuni, huona nyayo zake kwenye sehemu ya kioo iliyo sentimita 80 juu ya sakafu, na utosi wake kwenye sentimita 165. Akisogea mbele au akirudi nyuma, vipimo hivyo havibadiliki.

Lakini ukumbi wa ngoma si chumba cha kuvalia. Mwalimu huhitaji kuona miguu ya watu wengine. Tuseme amesimama nyuma, mita 4 kutoka kwenye kioo, akiiangalia safu ya mbele iliyo mita 1 tu kutoka kwenye kioo. Nyayo za safu hiyo atazionea kwenye kioo sentimita 32 juu ya sakafu. Kioo kikianzia sentimita 80, hataona chochote chini ya magoti yao, na katika isukuti miguu ndiyo inayojibizana na ngoma. Kwa hivyo, kioo kianzie takriban sentimita 30 kutoka sakafuni.

Je, kwa nini kisifike sakafuni kabisa? Kwa sababu chini ndiko kwenye maji ya kupigia deki, vumbi na mateke ya bahati mbaya. Sentimita hizo 30 ni kinga kwa kioo na kwa miguu ya wachezaji.

Upande wa juu, mtu wa kimo tulichotaja akiinua mikono hadi sentimita 220, ncha za vidole vyake ataziona kwenye sentimita 190. Akiruka, atahitaji zaidi kidogo. Kwa ukumbi wa kawaida, ukingo wa juu ulio kati ya sentimita 210 na 215 unatosha. Kupanda hadi darini ni kuongeza gharama na uzito bila faida kubwa.

Mfano wa hesabu

Chukua chumba chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 7 na dari ya mita 3. Ukuta mmoja wa mita 10 hauna dirisha wala mlango. Huo ndio wa vioo, kwa kuwa safu ya wanaume na safu ya wanawake zitapata nafasi ya kutandaa, na mita 7 za kurudi nyuma zinatosha kwa mwalimu kuona kundi zima.

Mabamba ya kioo aghalabu hupatikana kwa ukubwa wa futi 8 kwa 6, yaani mita 2.44 kwa 1.83. Bamba moja likikatwa katikati hutoa vipande viwili vya upana wa mita 1.22 na kimo cha mita 1.83, bila kubakisha hata kipande kidogo. Mabamba matatu hutoa vipande sita. Vikipangwa bega kwa bega hufunika zaidi kidogo ya mita 7.3 za ukuta. Vikianzia sentimita 30 kutoka sakafuni, vitaishia sentimita 213. Kila upande wa ukuta patabaki nafasi ya takriban mita 1.3 ya soketi za umeme na ya kukusanyia pazia, ambalo tutalieleza baadaye.

Sasa tazama uzito. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita mraba moja na kila milimita moja ya unene. Kioo cha milimita 6, basi, kina kilo 15 kwa mita mraba. Kipande kimoja kati ya vile sita kitakuwa na takriban kilo 33, na vyote kwa pamoja kilo 200. Huo ni uzito wa mifuko minne ya saruji ya kilo 50 iliyoegemezwa ukutani. Yeyote anayekuambia kwamba gundi pekee itatosha hakutakii mema.

Aina ya kioo cha kununua

Neno kioo katika Kiswahili hubeba maana ya kioo cha dirisha na pia kile cha kujitazamia. Dukani, taja bayana kwamba unataka cha kujitazamia, kisha utaje unene kwa milimita.

Kioo cha milimita 3 ni cha bei nafuu, lakini hufuata kila bonde na kilima cha ukuta. Mtu hujiona tumbo limefura au shingo imerefuka kama ya twiga. Mchezaji anayejirekebisha kwa kutazama taswira iliyopinda hujifunza kosa. Milimita 4 hufaa vipande vidogo juu ya ukuta ulionyooka sana. Kwa ukumbi wa ngoma, milimita 6 ndio unene wa kupendekezwa.

Jambo la pili ni usalama. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vigae virefu vyenye makali kama ya kisu. Agiza kioo chenye utando wa plastiki uliobandikwa nyuma yake. Kikipasuka, vigae hubaki vimeshikamana na utando huo badala ya kumiminika sakafuni. Kipo pia kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho huvunjika vipande vidogo visivyo na makali, ila hakiwezi kukatwa tena baada ya kuimarishwa na wakati mwingine huwa na mawimbi madogo yanayoharibu taswira.

Ukataji ufanywe dukani, kingo zisuguliwe hadi ziwe laini, na zipakwe rangi maalumu ya kuzuia maji. Nyuma ya kioo kuna tabaka jembamba la fedha. Ufundi wa kupaka fedha kwenye kioo kwa kemikali ulivumbuliwa na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, mnamo 1835, na hadi leo adui yake ni yule yule: unyevu unaopenya kupitia kingo. Yale madoa meusi tunayoyaona kwenye vioo vikuukuu ni fedha iliyoliwa na unyevu.

Wakati wa kusafirisha, kioo kisimamishwe kwa ukingo wake, kikiegemea fremu ya mbao iliyofungwa gari lisipoyumba. Kioo kilicholazwa chali hupasuka kwa uzito wake chenyewe gari linapopita kwenye shimo au tuta. Anayekitoa Kisumu, umbali wa kilomita zipatazo 50, na aliyekinunua mtaa wa pili wote wafuate kanuni hiyo.

Unyevu wa Kakamega

Eneo la msitu wa Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alasiri kwa kishindo. Mvua hiyo ndiyo neema ya wakulima, lakini kwa fundi wa vioo ni mtihani.

Ukuta uliopigwa lipu karibuni huhifadhi maji kwa wiki nyingi hata ukionekana mkavu. Kuna njia rahisi ya kuupima. Chukua karatasi ya plastiki ya nusu mita kila upande, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, kisha iache kwa siku mbili. Ukiikuta na matone ya maji kwa ndani, ukuta bado haujakauka. Ngoja, kisha upime tena.

Chunguza vilevile chanzo cha maji. Pengine paa linavuja, mfereji wa mabati umeziba, au udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tibu kasoro hizo kwanza, kwa sababu kioo kikishawekwa hutauona tena ukuta ulio nyuma yake. Kwa mwenye uwezo wa kuchagua, miezi ya Desemba hadi Februari, ambayo huwa na mvua chache, ndiyo bora kwa kazi hii.

Baada ya unyevu, pima unyoofu. Weka ubao ulionyooka wa mita 2 ukutani, wima, mlalo na kwa mshazari. Penye nafasi inayozidi milimita 3 chini ya ubao, parekebishwe kwa lipu au pakwanguliwe. Ukuta ukiwa umepinda mno, funga kwanza mbao za plaiwudi za milimita 18 kwa skrubu, ukizinyoosha kwa vipande vya kabari, na uzipake rangi mbele na nyuma zisinyonye maji. Vioo vitawekwa juu yake.

Siku ya kuweka

Kazi hii si ya mtu mmoja. Panahitajika watu wawili wa kubeba na wa tatu wa kuelekeza, wote wakiwa na glavu, viatu vilivyofunika vidole na miwani ya kinga. Watoto wasiwepo chumbani.

Kwanza, chora mstari wa chini. Usipime sentimita 30 kutoka sakafuni sehemu zote, kwa kuwa sakafu nyingi zina mteremko. Pima mahali pamoja tu, kisha uhamishe kimo hicho kwa pimamaji au kwa ule mpira mwembamba unaoonyesha maji, ambao mafundi wetu wameutumia miaka na mikaka. Maji hayadanganyi.

Pili, funga mhimili wa alumini wenye umbo la herufi U kando ya mstari huo. Mhimili huu ndio utakaobeba uzito wote. Toboa ukuta kwa keekee, tumbukiza vishikizo vya plastiki, kisha kaza skrubu kila baada ya sentimita 30. Mhimili uwe na vitundu vya kutolea maji chini, la sivyo utageuka kidimbwi kitakachoula ukingo wa kioo. Ndani yake weka vipande viwili vya mpira mgumu kwa kila kioo, kimoja kwenye kila robo ya upana, ili kioo kisigusane na chuma.

Tatu, paka gundi. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Silikoni ya kawaida yenye harufu kali ya siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo huila fedha ya kioo. Madoa hujitokeza baada ya miezi, wakati fundi ameshalipwa na kwenda zake. Nunua silikoni isiyo na tindikali, iliyoandikwa kwamba inafaa vioo vya kujitazamia. Ipake kwa michirizi ya wima, yenye nafasi ya sentimita 20 hadi 30 kati yake, ili hewa ipite nyuma ya kioo kutoka chini hadi juu. Kamwe usiipake kwa mduara, kwa sababu mduara hufungia unyevu ndani.

Nne, inueni kioo, mkikiteremsha taratibu ndani ya mhimili kabla ya kukisukuma kuelekea ukutani. Anzeni na vioo viwili vya katikati ya ukuta, kisha mwende pembeni. Acheni nafasi ya milimita 2 kati ya kioo na kioo, kwani ukuta hutanuka na kusinyaa. Juu, kila kioo kishikwe na klipu mbili zilizokazwa kwa skrubu na kuwekewa mpira laini. Kumbuka kwamba gundi hushika ule utando wa plastiki, na utando nao umeshika rangi ya nyuma ya kioo. Tabaka moja likiachia, klipu na mhimili ndivyo vitakavyookoa maisha.

Tano, kabla gundi haijakauka, simama mita 3 kutoka ukutani na umwombe mwenzako ashike ufito ulionyooka kwa mlalo. Tembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine ukiitazama taswira ya ufito huo. Ukivunjika kwenye kiungo cha vioo viwili, ina maana kwamba havijakaa katika usawa mmoja. Virekebishwe wakati huo huo.

Baada ya hapo, chumba kifungwe kwa siku mbili au kwa muda ulioandikwa kwenye gundi. Ngoma isipigwe humo.

Sauti ya ngoma

Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma. Ngoma hizo ndizo zilizoipa uchezaji huu jina lake. Zilizoea uwanja wa wazi, ambako sauti husambaa na kupotelea angani. Ndani ya chumba chenye sakafu ya saruji na ukuta wa kioo, sauti hugonga na kurudi hadi mwimbaji kiongozi asisikike anasema nini.

Kwa hivyo, usiweke vioo kwenye kuta mbili zinazotazamana. Sauti itarukaruka kati yake, na wachezaji watajiona katika msururu wa taswira usio na mwisho unaowapa kizunguzungu. Ukuta wa mkabala na vioo utundikwe mapazia mazito, mikeka au mablanketi. Vifaa hivi hupunguza mwangwi kwa gharama ndogo.

Wapigaji wakae mbali na vioo, angalau upande wa pili wa chumba. Mtetemo wa ngoma kubwa hulegeza skrubu taratibu, na fimbo inayoponyoka mkononi haichagui pa kutua. Kioo kikiwa kinatoa mlio wa kutetemeka ngoma inapopigwa, hiyo ni ishara kwamba klipu imelegea au gundi imeachia mahali.

Pazia mbele ya kioo

Hapa ndipo tunarudi kwenye swali la mwanzo. Katika isukuti, mwimbaji kiongozi hutanguliza maneno, ngoma hujibu, na safu za wanaume na wanawake hufuata. Mchezaji hupokea ishara kutoka kwa kiongozi, kwa wapigaji na kwa mwenzake wa ubavuni. Akizoea kujitazama kwenye kioo pekee, macho yake huganda mbele, shingo hukakamaa, na masikio huacha kuwinda mdundo. Siku ya kucheza uwanjani, mbele ya umati na bila kioo, hujikuta amepotea.

Dawa yake si kukikataa kioo. Tundika fimbo ya pazia juu ya vioo, kutoka ncha moja ya ukuta hadi nyingine, na pazia jepesi linaloweza kuvutwa kwa mkono mmoja. Ile nafasi ya mita 1.3 tuliyoibakisha kila upande ndiko litakakokusanyika. Hatua mpya ifundishwe kioo kikiwa wazi, hadi kila mmoja aone mwili wake unafanya nini. Hatua ikishaeleweka, pazia lifungwe, wachezaji wageukiane, na ngoma iongoze. Mwalimu atakayegawa muda wake hivyo atapata faida ya kioo bila kuwafanya vijana kuwa watumwa wake.

Pazia hilo lina manufaa mengine. Hulinda kioo chumba kinapotumika kwa mikutano au ibada, na hupunguza mwangwi.

Utunzaji

Kioo kisafishwe kwa kitambaa laini kilicholowa maji safi kidogo, kisha kikaushwe kwa kitambaa kingine. Usinyunyizie maji au dawa moja kwa moja kwenye kioo, kwani hutiririka hadi kwenye mhimili wa chini na kuingia nyuma. Dawa zenye amonia ziepukwe, maana huharibu fedha kwenye kingo. Anayepiga deki asisukume maji kuelekea ukutani.

Mara moja kwa mwezi, kagua klipu, skrubu na kingo. Doa jeusi linaloota chini huashiria maji yaliyotuama, hivyo zibua vitundu vya mhimili. Kioo chenye ufa kiondolewe siku hiyo hiyo, na eneo hilo lifungwe hadi kingine kipatikane. Kukibandika utepe na kuendelea na mazoezi ni kuikaribisha ajali.

Aidha, wekeni sheria ndogo ndogo zinazojulikana na wote: hakuna kuegemea kioo, hakuna kuchezea mpira ukumbini, na mifuko na ala ziwekwe upande wa pili.

Iwapo fedha hazitoshi vioo sita, anzeni na viwili vya katikati vilivyowekwa sawasawa, kisha muongeze pembeni mwaka hadi mwaka kwa kuurefusha ule mstari ule ule. Vioo viwili vinavyosema kweli vina faida kuliko sita vinavyodanganya. Na hata siku ile ukuta utakapokuwa umejaa, mzee ajuaye isukuti atengewe kiti chake ukumbini. Kioo kitamwonyesha kijana jinsi anavyocheza, ila mzee ndiye atakayemwambia iwapo anachokicheza ni isukuti.